Dawa ya tansioni na dawa ya maumivu zinapokutana ndani ya figo

Kila mangaribi, mbele ya farmasi ndogo za komini ya Kenya, Katuba ao Kampemba, mazungumzo ni yale yale. Mtu anatoka kazi, mkono mmoja uko kwenye kiuno.

"Mwana, nipatie ya mugongo."

"Ya kawaida ao ya nguvu, papa?"

"Ya nguvu. Hii mugongo itaniua."

Franka zinatoka, komprime zinaingia mu karatasi, papa anameza mbili pale pale na maji ya sashe, anaendelea na njia yake. Yote imechukua dakika moja. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakuna mtu aliyeuliza: asubuhi, mbele ya kutoka nyumbani, papa alimeza nini?

Kama jibu ni "dawa ya tansioni", basi ndani ya mwili wake kunaanza mambo ambayo mwenye farmasi hayaoni, na munganga aliyeandika dawa ya tansioni hayaoni pia. Papa mwenyewe hatasikia kitu. Mgongo utatulia na atalala vizuri. Figo hazina tabia ya kulalamika mapema.

Mtu ana figo mbili, kila moja kubwa kama ngumi, ziko nyuma chini ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichungio vidogo sana, karibu milioni moja. Damu inapita humo bila kupumzika, zaidi ya lita moja kila dakika, yaani karibu sehemu moja ya tano ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Kwa siku moja vichungio hivyo vinachuja karibu lita 180 za maji kutoka kwenye damu. Karibu yote inarudishwa mwilini. Inayotoka kama mkojo ni lita moja na nusu hivi.

Kuchuja kunahitaji msukumo, na wakaaji wa Lubumbashi hawana lazima ya kufundishwa jambo hilo. Wakati maji ya REGIDESO yanatoka kwa nguvu, bidoni inajaa upesi. Wakati msukumo unashuka, mama anaamka saa nane ya usiku kuvizia bomba. Kila kichungio cha figo nacho kiko na bomba mbili: moja ya kuingizia damu, na moja ya kuitolea. Msukumo ukishuka, tuseme mtu ametoka jasho mingi, ao amehara, ao hajakunywa maji tangu asubuhi, figo haingojei usiku. Inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inafungua zaidi bomba ya kuingizia, na inabana ile ya kutolea, sawa vile mtoto anavyoweka kidole kwenye mdomo wa tiyo ili maji yaruke mbali. Kwa namna hiyo kuchuja kunaendelea, hata kama damu inayofika ni kidogo.

Mikono miwili inayofanya kazi hiyo ni homoni. Mkono unaofungua ni wa homoni za jamii ya prostaglandini, ambazo figo inazitengeneza yenyewe, pale pale. Mkono unaobana ni wa homoni inayoitwa angiotensini. Hii ya pili ina historia ndefu. Mu 1898, kule Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga figo za sungura, wakachukua maji yake na kuyaingiza ndani ya damu ya sungura wengine. Tansioni ya sungura hao ikapanda. Kitu hicho wakakiita renini. Leo inajulikana kwamba figo ikisikia damu inapungua, inatoa renini; renini inaanzisha kutengenezwa kwa angiotensini; na angiotensini inaamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ambazo zinatoa homoni nyingine, aldosteroni, inayoamuru chumvi isitoke. Upande wa ubongo, homoni ya vazopresini inaamuru maji yasitoke. Njo maana mkojo wa mtu aliyeshinda juani unakuwa kidogo na wenye rangi ya nguvu. Si ugonjwa. Figo zimepokea amri na zinatii.

Sasa tuingie mu farmasi.

Ibuprofeni, diklofenaki, indometasini, aspirini ya kipimo kikubwa, zote zinatuliza maumivu kwa njia moja: zinazuia prostaglandini. Prostaglandini zinazobeba maumivu ya goti ni ndugu wa zile zinazofungua bomba ya figo, na dawa haichagui. Haijui kama imetumwa ku goti. Ikiingia mu damu, inafunga mkono wa kufungua.

Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili na wenzake, pamoja na losartani na jamii yake, ni dawa za tansioni ambazo waganga wanaandika sana. Zenyewe zinazuia angiotensini: zile za kwanza zinakataza isitengenezwe, jamii ya losartani inakataza isisikilizwe. Mishipa inalegea, tansioni inashuka. Ni kazi nzuri. Lakini kwenye figo, mkono wa kubana nao umefungwa.

Kisha kuna dawa za kukojoza, kama furosemidi ao hidroklorotiazidi, ambazo mara nyingi zinaongezwa juu ya dawa ya tansioni, na wakati mwingine ziko ndani ya komprime moja pamoja nayo. Hizo zinapunguza chumvi na maji mwilini.

Kila moja peke yake, kwa mtu mwenye figo nzima na anayekunywa maji ya kutosha, mara nyingi haileti shida. Zikikutana zote tatu ndani ya mtu mmoja, hesabu inabadilika: maji yamepunguzwa, bomba ya kuingizia haiwezi kufunguka, na ile ya kutolea haiwezi kubanwa. Ongeza siku ya mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi liko juu na mvua haijaanza vizuri, na kazi ya kubeba magunia ya makala ao kuchimba chini ya ardhi. Msukumo ndani ya kichungio unaanguka, na kuchuja kunaweza kusimama.

Kuna jambo moja la kushangaza ndani ya historia ya dawa hizi. Mwingereza John Vane njo alionyesha, mu 1971, kwamba aspirini na wenzake wanafanya kazi kwa kuzuia prostaglandini. Kwa kazi hiyo alipata zawadi ya Nobel mu 1982, pamoja na Waswedi wawili. Vane huyo huyo alikuwa na mkono katika kuzaliwa kwa jamii ya kaptoprili. Mbrazili Sérgio Ferreira alimletea mu maabara yake sumu ya nyoka wa Brazil, na Vane akawasukuma watafiti wa kampuni ya Squibb ya Marekani wafuate njia hiyo. Kaptoprili ilikubaliwa kuuzwa Marekani mu 1981. Kwa hiyo dawa ambazo leo zinakutana ndani ya figo za papa wa Katuba zilipita zamani mikononi mwa mtu mmoja, na kila moja ilizaliwa kwa ajili ya kusaidia.

Hatari ya kuzikutanisha imepimwa. Mu 2013, watafiti wa Montréal, Kanada, walichapisha hesabu waliyofanya juu ya watu 487,372 wa Uingereza wanaotumia dawa za tansioni. Kwa wale waliokuwa na dawa zote tatu, yaani ya kuzuia angiotensini, ya kukojoza na ya maumivu, uwezekano wa figo kuharibika ghafla ulipanda kwa asilimia 31, wakilinganishwa na wale waliokuwa na mbili za kwanza bila ile ya maumivu. Mu siku 30 za kwanza ulipanda kwa asilimia 82. Inafaa kusema kwamba hao ni watu wa nchi ya baridi, wenye munganga wa familia na karatasi za dawa zilizoandikwa mu kompyuta. Hawakuwa wakilipua mawe ndani ya shimo.

Hapa Lubumbashi, dawa ya tansioni inatoka kwenye hospitali, pengine ile ya kampuni. Dawa ya mgongo inatoka kwenye farmasi ya kona, ao kwenye meza ya sokoni, bila karatasi ya munganga. Ya tatu anaitoa jirani: "Miye ilinisaidiaka, jaribu." Hakuna mtu hata mmoja anayeona zote tatu kwa pamoja. Komprime zinauzwa moja moja, bila boksi, bila ile karatasi ndogo ya maelezo, kwa hiyo hata mwenye kujua kusoma hana kitu cha kusoma. Majina nayo yanadanganya. Dawa ileile iko na majina kumi ya kampuni kumi, na kuna vidonge vya rangi vinavyochanganya ibuprofeni, parasetamoli na kafeini pamoja. Mtu anaweza kumeza kidonge hicho, kisha kupigwa sindano ya diklofenaki siku ileile juu "haijatulia", na akawa amechukua jamii moja mara mbili bila kujua. Sheria inataka dawa nyingi kati ya hizi zitoke kwa karatasi ya munganga, na iko ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya dawa, ACOREP. Umbali kati ya sheria na meza ya sokoni, kila mkaaji wa mji anaujua.

Kuna mzunguko mwingine, wa polepole, ambao pengine unagusa watu wengi zaidi. Dawa za maumivu zinafanya figo zizuie chumvi na maji. Tansioni inapanda. Mama mwenye kumeza dawa yake ya tansioni vizuri anaenda kupimwa, anakuta 17 kwa 10. Munganga anafikiri dawa haitoshi, anaongeza kipimo, ao anaongeza ya kukojoza. Hakuuliza juu ya magoti. Mama hakusema juu ya magoti, kwa sababu alikuja kwa ajili ya tansioni. Anarudi nyumbani na dawa mbili badala ya moja, na ile ya magoti iko bado mu mfuko. Hapo tatu zimekwisha kukutana, na mara hii zimekutanishwa na hospitali yenyewe.

Je, suluhisho ni kutupa dawa ya tansioni? Hapana, na ni lazima kusema wazi, kwa sababu mu mji huu watu wengi wanaiacha tayari mara tu kichwa kinapoacha kuuma. Tansioni isiyotibiwa inaharibu figo kwa uhakika zaidi kuliko komprime. Hata zaidi: jamii ya kaptoprili ni kati ya dawa zinazolinda figo za wenye ugonjwa wa sukari. Mu 1993, utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na Kanada juu ya wenye sukari ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuharibika ulionyesha kwamba kaptoprili ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, ya kufika ku dializi ao ya kuhitaji figo ya mtu mwingine. Sababu ni ileile ya bomba: mwaka baada ya mwaka, msukumo wa kupita kiasi ndani ya vichungio unavichakaza, na dawa inaulegeza. Kinacholinda kwa miaka kinaweza kuumiza kwa siku mbili za kuhara. Njo maana mu nchi kadhaa waganga wanawapa wagonjwa wao maagizo ya siku mbaya: ukishikwa na kuhara kukali ao kutapika, ita munganga upesi, anaweza kukuambia usimamishe dawa hiyo na ile ya kukojoza kwa siku chache mpaka utakapoanza kula na kunywa tena. Mu jimbo ambalo kolera inarudi mara kwa mara, maagizo ya namna hiyo yana kazi.

Homoni haziko tu zile ambazo mwili unatengeneza. Zingine zinanunuliwa.

Deksametazoni na prednizoloni ni sura ya kiwanda ya kortizoli, homoni ambayo inatoka kwenye tezi zilezile zilizokaa juu ya figo. Deksametazoni ina nguvu mara 25 hivi kupita kortizoli ya mwili. Ni dawa muhimu hospitalini, hakuna anayebisha. Lakini Kinshasa na kwingineko mu nchi inajulikana kwamba wamama na wasichana wanaimeza, mara nyingi pamoja na siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa, ili kuongeza mwili. Na kweli uso unajaa. Kinachojaa ni mafuta, pamoja na maji. Misuli ya miguu na mikono, yenyewe, inaisha. Nyuma ya uso wa mviringo, sukari inapanda na tansioni inapanda, na hizo mbili njo ziko mbele kati ya sababu zinazoua figo duniani.

Mwili ukizoea homoni ya nje, tezi zinaacha kutengeneza yao. Siku dada anapoacha ghafla, kwa sababu pesa zimeisha ao kwa sababu mchumba amefika, mwili unabaki bila kortizoli hata kidogo: anatapika, anakosa nguvu, tansioni inaanguka chini sana. Wengine wanasema amelogwa. Figo zinazokosa damu hazina habari na uchawi. Mtu ambaye amemeza vidonge hivyo kwa majuma mingi asiache kwa siku moja. Anapaswa kumwambia munganga ukweli, ili kipimo kishushwe polepole. Aibu ya kusema inaeleweka. Lakini munganga ambaye hajui anaweza kumtibu malaria isiyokuwapo.

Krimu za kujifanya mweupe zinafanana na hayo. Nyingi ndani yake kuna homoni ya jamii ya kortizoli, na zingine zimekutwa na zebaki, ambayo ni sumu ya figo. Jambo hilo liligunduliwa karibu na hapa: mu 1972, waganga wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wao waliovimba mwili mzima kwa sababu figo zilikuwa zinaachia protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wanapaka krimu zenye zebaki. Baadhi walipoacha krimu, figo zilirudi. Zaidi ya miaka 50 imepita na krimu za kung'arisha ngozi hazijaisha kwenye soko za Afrika.

Kuna mtu mwingine ambaye hakutajwa mpaka sasa kwa sababu hajazaliwa. Maji ambayo mtoto anaogelea ndani ya tumbo la mama, kuanzia katikati ya mimba, kwa sehemu kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Figo zake tayari zinafanya kazi, tena kwa msaada wa homoni zilezile mbili. Ibuprofeni na diklofenaki zinapita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mu mwezi wa kumi 2020, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa ilitoa onyo: kuanzia juma la 20 la mimba, dawa hizo ziepukwe, juu zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto na maji ya tumboni yakakauka. Jamii ya kaptoprili na ya losartani, zenyewe, haziruhusiwi kwa mwenye mimba. Zinaweza kuharibu figo za mtoto moja kwa moja. Mama mwenye tansioni akijua yuko na mimba, asingojee konsultasioni ya mwezi ujao ili kubadilishiwa dawa. Ziko zingine zinazofaa, na waganga wanazijua.

Na wale wanaotumia komprime za uzazi wa mpango zenye homoni ya estrojeni? Kwa wengi hakuna shida. Ila estrojeni inafanya ini litoe zaidi ile mali ya kwanza ambayo angiotensini inatengenezwa nayo, na kwa wengine tansioni inapanda. Kupimwa tansioni mbele ya kuanza, na tena kisha miezi michache, kunatosha kuligundua.

Watoto wenye SS wako mu hali ya peke yao, na wazazi wao wangependa kuambiwa mapema. Chembe za damu za mtoto SS zinakwama ndani ya mishipa midogo ya figo, pale ambapo mkojo unakazwa. Pole pole sehemu hiyo inachakaa. Ubongo unatuma vazopresini, "zuia maji", lakini figo haisikii tena. Njo maana watoto wengi wa SS wanakojoa mingi na wanakojoa kitandani hata wakiwa wakubwa, wanachapwa kwa kosa ambalo si lao, na wanakauka upesi kuliko watoto wengine. Kisha maumivu ya mifupa yanaanza, na dawa inayokimbiliwa ni ibuprofeni ao diklofenaki, tena siku ambapo mtoto amekataa kunywa. Maumivu ya SS ni makali na lazima yatulizwe. Hakuna munganga atakayesema mtoto avumilie. Ila maji kwanza, parasetamoli kwanza, na zile zingine kwa siku chache, kwa kipimo kilichohesabiwa kulingana na uzito wa mtoto, na munganga akijua.

Pombe nayo inaingia hapa kwa mlango wa homoni. Inanyamazisha vazopresini. Mtu anayemaliza siku ya jua na chupa ya Simba, ao na lutuku, anakojoa zaidi ya alichokunywa, anarudi nyumbani amekauka kuliko alivyotoka kazi, na asubuhi anatafuta komprime ya kichwa. Kwa figo, komprime hiyo ya asubuhi ni mbaya kuliko chupa ya jana.

Figo za mji huu zina mzigo mwingine pia. Mu 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini mu Katanga wako na kobolti nyingi sana kwenye mkojo, pamoja na metali zingine kama risasi na kadmiamu. Kuwa na kobolti kwenye mkojo hakumaanishi kwamba figo zimeharibika. Kunaonyesha metali hizo zinatokea mlango gani. Kadmiamu, yenyewe, inajulikana tangu zamani kwamba inakaa ndani ya figo kwa miaka mingi na kuzichakaza.

Mwaka ule ule wa 2009, Kinshasa, timu ya Profesa Ernest Sumaili ilichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 503 wa mji. Karibu 12 kwa kila 100 walikuwa na ugonjwa wa figo wa muda mrefu. Kati ya hao wagonjwa, waliokuwa wanajua ni kama 3 kwa 100 tu. Wengine walikuwa wanaendelea na maisha, na bila shaka wanaendelea kununua dawa za mgongo.

Kutojua kunatokana na figo zenyewe. Kipimo cha damu kinachoitwa kreatinini, ambacho labo nyingi za Lubumbashi zinafanya, kinaweza kubaki kizuri mpaka karibu nusu ya kazi ya figo ipotee. Kipimo cha mkojo kwa kijiti, cha bei ndogo zaidi, kinaonyesha protini mapema. Dalili zinazokuja nyuma hazifanani na figo: miguu kuvimba, kuchoka, kichefuchefu, ngozi kuwasha. Kupungukiwa damu pia, kwa sababu figo ndizo zinazotengeneza homoni inayoamuru mifupa itengeneze damu. Mgonjwa anaenda kununua sirupu ya damu, chupa baada ya chupa, na damu haipandi, kwa sababu amri imeacha kutolewa.

Mwisho wa njia hiyo ni mashine. Dializi ni mara tatu kwa juma, saa nne hivi kila mara, na mu nchi yetu familia njo inalipa. Shamba linauzwa, kisha gari, kisha watoto wanatolewa shuleni. Aliyepatwa na kuziba kwa ghafla, yule wa dawa tatu na jua kali, yuko na bahati moja ambayo mgonjwa wa muda mrefu hana: kama imegunduliwa upesi, dawa zikasimamishwa na maji yakarudishwa, mara nyingi figo zinaamka. Dalili yake kubwa ni mkojo kupungua sana ao kukatika kabisa kwa siku nzima. Hiyo si ya kungojea Jumatatu. Hatari yake inayoua haraka ni potasiamu: bila aldosteroni na bila mkojo, potasiamu inajaa mu damu na inaweza kusimamisha moyo.

Waganga wa mahali pengi wamekubali njia moja rahisi ya kuzuia: mgonjwa aweke dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja, za hospitali, za farmasi, za soko, za jirani, mizizi na unga wa kienyeji pia, na azimwage zote ku meza ya munganga. Anfirmie wa sentre anaweza kufanya hivyo hata kama munganga hayuko. Kwa mwenye farmasi, ulizo moja linatosha mbele ya kutoa ya nguvu: "Papa, uko na tansioni? Uko na sukari? Uko unakunywa dawa gani?" Na kwa mama kijana: "Uko na mimba?"

Parasetamoli, ambayo iko kwenye rafu ileile, haifungi bomba za figo namna hiyo. Kwa mtu mzima isipite gramu nne kwa siku, yaani komprime nane za miligramu 500, na kwa mwenye kunywa pombe mingi ishuke chini ya hapo, juu ya ini. Haina sifa ya kuwa "ya nguvu", na wateja wengi wanaikataa kwa sababu hiyo. Mgongo wa mtu anayebeba magunia unaweza kuhitaji kitu kingine pia: mafuta ya kusugua, kitambaa cha maji ya moto, siku mbili bila kubeba. Hiyo ya mwisho ni ngumu kupatikana kuliko komprime yoyote, kwa sababu anayebeba magunia analipwa kwa gunia.